Kubomoa au kukarabati jengo baada ya tetemeko: walichochagua Christchurch na L'Aquila

Jengo likianguka lote, hakuna cha kuchagua. Kazi ngumu iko kwenye lile lililobaki wima: kuta zina nyufa, ngazi zimeachia, plasta imemwagika, lakini paa bado liko juu. Mpangaji anauliza, benki inauliza, halmashauri inauliza: unabomoa au unakarabati? Ukikarabati vibaya unawarudisha watu kwenye hatari. Ukibomoa bila sababu, umepoteza mali ambayo hairudi.

Miji miwili ya ukubwa wa kawaida imelijibu swali hili kwa njia mbili tofauti. Christchurch ya New Zealand ilipigwa tarehe 22 Februari 2011, saa 6:51 mchana, kwa tetemeko la ukubwa wa 6.2 lililotokea karibu sana na jiji na kwa kina kidogo. Watu 185 walifariki. L'Aquila, mji wa milimani katikati ya Italia, ulipigwa tarehe 6 Aprili 2009, saa 9:32 usiku, kwa tetemeko la nguvu inayokaribiana na hiyo, walifariki 309. Christchurch ilibomoa sehemu kubwa ya katikati yake. L'Aquila ilikataa kuubomoa mji wake wa kale na ikaurudisha ukuta kwa ukuta.

Naona wengi hubomoa haraka mno, na wachache hukarabati pale wasipopaswa kabisa. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja. Watu huuliza jengo limeumia kiasi gani, wasiulize lilikuwa na nguvu kiasi gani kabla halijaumia.

Christchurch: majengo matatu, majibu matatu

Septemba 2010 eneo hilo lilikuwa limeshapigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.1. Kitovu kilikuwa mbali kidogo na jiji, watu walikuwa wamelala, na jiji likapona. Wakaguzi walipita jengo kwa jengo wakibandika karatasi: kijani ingia, njano kwa masharti, nyekundu usikanyage. Jengo la CTV, la ghorofa sita, lilipata kijani. Miezi mitano baadaye lilianguka kwa sekunde chache na kuua watu 115, miongoni mwao wanafunzi wengi wa kigeni waliokuwa kwenye shule ya lugha iliyopanga humo.

Tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ilirudi kwenye michoro. Nguzo zilikuwa za duara, kipenyo milimita 400, na ringi zake zilikuwa za milimita 6 zikizunguka kwa nafasi ya milimita 250. Fundi yeyote anayesuka nondo ataliona tatizo hapo. Ringi ndizo zinazoshikilia zege ndani ya nguzo, kama kamba inavyobana mzigo wa kuni. Zikiwa nyembamba na zimeachana, nguzo ikiyumbishwa zege linachomoka, nondo ndefu zinapinda, na sakafu inashukia sakafu. Karatasi ya kijani haikusema lolote kuhusu hilo. Ilisema tu kwamba tetemeko la kwanza halikuliharibu sana jengo ambalo lilikuwa dhaifu tangu siku lilipojengwa.

Sasa tazama jengo la Forsyth Barr, la ghorofa 18. Siku hiyo hiyo ngazi zake ziliporomoka na watu wakakwama juu. Ilibidi waokolewe kwa kreni na kamba. Kwa mtu aliyesimama barabarani, hilo lilikuwa jengo la kubomolewa. Lakini fremu yake, yaani nguzo na boriti, ilikuwa imebeba mtikisiko vizuri. Lilikarabatiwa, ngazi zikatengenezwa upya, na mwaka 2017 likafunguliwa kama hoteli.

La tatu ni Hotel Grand Chancellor, ghorofa 26. Ukuta mmoja wa zege chini kabisa ulipondeka, kona ya jengo ikashuka karibu sentimita 80, na kileleni jengo likainama zaidi ya mita moja. Hapo hapakuwa na mjadala. Hata hivyo halikuweza kulipuliwa wala kuangushwa, kwa hiyo walilibomoa kutoka juu kwenda chini, ghorofa moja baada ya nyingine, hadi 2012. Muda wote huo mitaa ya jirani ilibaki imefungwa, na majengo mazima ya pembeni yakakosa wapangaji.

Kwa hiyo lililoonekana zima ndilo lililoua, na lililoonekana limekwisha likapona. La tatu pekee ndilo lililolingana na sura yake. Nayaweka haya mbele kwa sababu nasoma mara nyingi ushauri wa kupima upana wa nyufa na kuishia hapo.

Kwa nini mengi yalibomolewa

Katikati ya jiji kulizungushiwa uzio, na kipande cha mwisho cha uzio huo kiliondolewa Juni 2013. Ndani yake, kati ya majengo ya zege ya ghorofa tatu kwenda juu, takriban asilimia 60 yalibomolewa. Ukihesabu na ya matofali na madogo, ni zaidi ya majengo 1,200. Wahandisi waliochambua takwimu hizo baadaye walikuta kwamba baadhi ya yaliyobomolewa yalikuwa yametathminiwa kuwa na madhara madogo tu.

Bima ndiyo sababu kubwa. New Zealand ni nchi ambayo majengo mengi ya biashara yana bima ya tetemeko, na nyingi zilikuwa za kulipa gharama ya jengo jipya. Makadirio ya ukarabati yakipanda karibu na kiasi cha bima, kampuni ililipa fedha taslimu na kujitoa. Mwenye jengo naye alichukua fedha, akabomoa, na hakulazimika kujenga pale pale. Kisha kanuni zilibadilika. Mei 2011 kipimo cha hatari ya tetemeko kinachotumika kusanifu majengo ya Christchurch kilipandishwa kutoka 0.22 hadi 0.3, na jengo lililokuwa linatosha jana likawa pungufu leo. Tena jengo lililokaa nyuma ya uzio miaka miwili haliingizi kodi ya pango, na wapangaji wake wameshahamia vitongoji kama Addington na kutia sahihi mikataba mipya.

Hakuna kati ya sababu hizi inayohusu zege lenyewe.

L'Aquila: mji uliofungwa mikanda

Mji wa kale wa L'Aquila ni nyumba za mawe zilizoshikana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Huwezi kubomoa moja bila kuitikisa ya jirani. Zima moto wa Italia walizifunga nyumba hizo kwa mabomba ya chuma, magogo na mikanda mipana ya poliesta iliyozungushwa ukuta mzima ili mawe yasimwagike. Kwa miaka kadhaa mtu akipita mitaa ile aliona vyuma kuliko kuta.

Ukaguzi wao ulikuwa na madaraja sita, A hadi F. A ni jengo linalokalika, E ni jengo lisilofaa kukaliwa kwa madhara makubwa. F inanivutia zaidi: jengo lenyewe linaweza kuwa zima, ila haliingiliki kwa sababu kitu cha nje, mara nyingi jengo la jirani, kinaweza kuliangukia. Ni daraja ambalo mwenye nyumba yeyote aliyebanana na ghorofa la mwenzake anapaswa kulifahamu.

Kukarabati kulimaanisha kuchoma sindano za chokaa ndani ya kuta zenye safu mbili za mawe nje na kifusi katikati, kupitisha vyuma vya kufunga ukuta wa huku na wa kule, na kubandika vitambaa vya nyuzi za kaboni kwenye matao na pembe. Kazi hiyo haifanyiki nyumba moja moja. Wamiliki wa nyumba zilizoshikana walilazimika kuunda umoja, kukubaliana mchoro mmoja na mkandarasi mmoja. Fikiria umoja wa warithi, wengine wako ng'ambo, wengine hawasemezani. Gharama ililipwa na serikali.

Wakati hayo yakisubiri, serikali ilijenga nje ya mji makazi katika maeneo 19, fleti takriban 4,500. Kila jengo lilikaa juu ya jamvi la zege lililopumzishwa kwenye nguzo zenye vitelezeshi, ardhi ikitikisika jamvi linateleza kidogo badala ya jengo kuvunjika. Zilimalizika ndani ya mwaka mmoja hivi, jambo la kusifiwa. Lakini maisha ya mji, yaani duka, baa, ofisi na jirani, hayakuhama nazo, na watu walibaki wametawanyika mabondeni.

Kazi ilikwenda polepole mno. Basilika ya kihistoria ya Santa Maria di Collemaggio ilifunguliwa tena Desemba 2017. Shule nyingi zilikuwa bado kwenye majengo ya muda miaka kumi baada ya tetemeko, na hilo sioni la kulitetea. Ila mji umerudi. Ukisimama leo kwenye barabara kuu ya katikati unaona kuta zile zile, na mwaka 2026 L'Aquila ndio mji mkuu wa utamaduni wa Italia.

Lazima niongeze jambo ambalo wasifiaji wa L'Aquila huliruka: pembezoni mwa mji, fleti nyingi za zege za miaka ya baada ya vita zilibomolewa na kujengwa upya. Waitaliano walikarabati mawe yenye historia na kubomoa zege bovu. Hawakuwa na kanuni moja kwa yote.

Tukiziweka njia hizi bega kwa bega

Muda. Watu hudhani kubomoa ni njia ya mkato. Kubomoa ndiko kuna haraka; kujenga hakuna. Christchurch ilitoa mpango wake wa katikati ya jiji Julai 2012, na ukumbi wake wa mikutano, Te Pae, ulifunguliwa Desemba 2021. Kwa miaka mingi viwanja vilivyosafishwa vilibaki changarawe na maegesho ya magari. Ukarabati nao ulichelewa, L'Aquila ni ushahidi. Tofauti ni kwamba jengo linalokarabatiwa linabaki na anwani yake, na mjini hilo lina maana kubwa: mpangaji hujua kuna mahali pa kurudi.

Fedha. Hapa kubomoa kuna faida ya kweli. Jengo jipya lina mchoro na bei inayoeleweka. Jengo la zamani huficha mambo mpaka ufungue ukuta. Kanisa kuu la Anglikana la Christchurch ni onyo: askofu na viongozi wake waliamua kulibomoa, kesi zikafunguliwa, na 2017 sinodi ikapiga kura lirudishwe kwa makadirio ya dola za New Zealand milioni 104. Kufikia 2024 makadirio yalikuwa milioni 248, na kazi ikasimamishwa. Pembeni yake kuna mfano wa kinyume. Ukumbi wa mji huo, Town Hall, uliofunguliwa 1972, ulikaa kwenye udongo wa kando ya mto uliogeuka uji wakati wa mtikisiko. Halmashauri ilishikilia kuukarabati licha ya shinikizo la kuubomoa, ikaimarisha ardhi chini yake kwa nguzo za saruji zilizoingizwa kwa sindano, na Februari 2019 ukafunguliwa tena kwa gharama ya milioni 167 hivi. Pesa nyingi, ndiyo. Lakini ukumbi upo na muziki unapigwa.

Anayebomoa naye hujidanganya kwa kusahau gharama zisizoandikwa kwenye makadirio ya mkandarasi: kutoa asbesto kabla katapila halijagusa, kusomba kifusi (Christchurch ilikuwa nacho kingi kiasi cha kukitumia kujaza bahari kwenye bandari ya Lyttelton), kupima udongo upya, vibali, na kodi ya pango unayoikosa miaka yote hiyo.

Usalama. Jengo jipya linashinda, mradi limejengwa vizuri. Christchurch mpya ni ya majengo mafupi, mengi ya fremu za chuma, na mengine yamekalia vipande vya mpira vyenye kiini cha metali ya risasi vinavyotenganisha jengo na ardhi. Vipande hivyo vilibuniwa New Zealand kwenyewe na Bill Robinson miaka ya 1970. Kabla ya 2011 hospitali ya wanawake ya Christchurch ilikuwa jengo pekee jijini lililojengwa hivyo, na iliendelea kufanya kazi baada ya tetemeko. Hata hivyo jengo la zamani linaweza kufikishwa kwenye usalama unaotosha: kuongezewa kuta za zege, kuvalishwa vyuma, nguzo kufungwa vitambaa vya kaboni. "Unaotosha" ni neno la mhandisi, lazima liandikwe kwa asilimia ya kiwango cha jengo jipya. New Zealand imekuwa ikipima hivyo hasa. Jengo lililo chini ya asilimia 34 limekuwa likihesabiwa kuwa hatarini na mmiliki akipewa muda wa kurekebisha.

Lipi lifanywe wapi

Kwa ghorofa la zege, anzia nguzo na maungio yake na boriti. Boriti zenye nyufa miishoni si habari mbaya sana. Katika usanifu mzuri ndiko nguvu ya tetemeko hutakiwa kuishia, na nyufa hizo hujazwa gundi ya epoksi. Nguzo iliyopondeka, au maungio yaliyomomonyoka mpaka nondo zinaonekana, ni habari mbaya. Jengo lililoinama na halirudi wima, bomoa. Kisha dai michoro. Kama hakuna michoro, toboa plasta na zege la juu kwenye nguzo mbili tatu za chini uhesabu ringi. Ukikuta ringi zilizoachana kama zile za CTV, sitakushauri ukarabati hata kama jengo halina ufa mmoja, isipokuwa una fedha za kuimarisha nguzo zote. Kama jengo hilo ni shule au hosteli, hata fedha zikiwepo ningelibomoa.

Kwa jengo la matofali au mawe, swali ni kama kuta bado zimeshikana kwenye pembe na kama kuna mkanda wa zege juu unaozifunga. Pembe zikiwa zimeachana kwa ufa wa kutoka juu hadi chini, ukuta huo unasubiri mtikisiko mwingine tu. Zikiwa zimeshikana, ukarabati ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: vyuma vya kufunga ukuta kwa ukuta, mkanda wa juu, paa lifungwe kwenye mkanda.

Udongo huamua kuliko jengo. Kama ardhi iligeuka uji, kujenga jipya juu yake bila kuiimarisha ni kurudia kosa kwa gharama mpya. Maeneo mazima ya makazi kando ya mto Avon huko Christchurch yaliachwa kabisa, serikali ikanunua nyumba za watu.

Hili halituhusu kwa mbali. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu 17 walifariki, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, na shule za sekondari Ihungo na Nyakato zikafungwa. Ihungo ilijengwa majengo mapya, na kwa shule naona ulikuwa uamuzi sahihi. Bukavu na Cyangugu nazo zilitikiswa Februari 2008 kwa ukubwa huo huo. Huku kwetu bima ya tetemeko ni ya wachache, kwa hiyo lile sukumo la Christchurch la kuchukua fedha na kubomoa halipo. Lililopo ni sukumo la upande wa pili: kujaza nyufa saruji, kupiga plasta, kupaka rangi na kurudisha wapangaji wiki ijayo. Plasta juu ya pembe iliyoachana haishiki chochote. Inachofanya ni kumficha mpangaji ajaye asione ufa.

Kwa nyumba ya kawaida ya matofali ya kuchoma Bukoba, ya chumba na sebule au ya vyumba vinne, ningechagua hivi. Nyufa zikiwa juu ya madirisha na milango tu, na lenta ipo, karabati. Lenta ikiwa haipo na pembe zimeachana, shusha kuta hadi msingi, safisha matofali mazima uyatumie tena, kisha jenga kwa lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika na nondo zinazopita kwenye kila pembe. Msingi wenyewe ukague kabla. Ukiwa umepasuka au umeshuka upande mmoja, anza na huo. Na ukimwita mhandisi, mwombe ripoti iliyoandikwa yenye majibu mawili yaliyotenganishwa: jengo limeharibika kiasi gani, na kabla ya kuharibika lilikuwa linafikia asilimia ngapi ya jengo la leo. Ripoti yenye jibu la kwanza peke yake usiitie sahihi, wala usiipeleke benki.